Shajara ya Mradi: Vishikwambi Vinne vya Wakulima wa Zabibu, Hombolo

7 Oktoba 2024

Kamati ya kikundi chetu cha wakulima wa zabibu imekutana leo asubuhi hapa Hombolo na kunikabidhi mimi, mtunza kumbukumbu, kazi ambayo mwenyekiti aliieleza kwa neno moja tu: "Vifikishe." Vishikwambi vinne tulivyonunua mwaka 2021 kwa ajili ya kuandikia uzito wa mavuno vimeanza kuzimika katikati ya kupima, mkulima akiwa amesimama na kreti zake na mizani ikimsubiri, na duka moja la mjini Dodoma limekubali kuvipokea vya zamani kama sehemu ya malipo ya vipya. Kipya kimoja ni shilingi 480,000. Cha zamani ambacho betri yake bado inashika chaji kitahesabiwa shilingi 110,000, ambacho betri yake iko chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali kitahesabiwa shilingi 60,000, na ambacho betri yake imevimba hakipokelewi kabisa.

Hazina ina shilingi 600,000, na fedha nyingine haitaonekana kabla ya mavuno ya Februari na Machi. Kwa hiyo vifaa hivi vinatakiwa vipite kwanza katika joto la Oktoba na Novemba, kisha vifanye kazi ya msimu mzima, na baada ya hapo vifike mezani pa mwenye duka vikiwa bado na thamani. Nimevitia alama kwa rangi ya kucha ili visichanganywe: Nyekundu, Kijani, Buluu na Njano.

9 Oktoba 2024

Nimenunua katika soko la Majengo kipimo kidogo cha USB, kile kinachochomekwa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti, ampea na jumla ya umeme uliopita. Nia yangu ilikuwa kujua hali halisi ya kila betri badala ya kuendelea kutegemea maneno ya watumiaji, ambao kila mmoja huapa kwamba kishikwambi chake ndicho kibovu kuliko vyote.

Kosa la kwanza la mradi ni langu. Nyekundu kilipojazwa kutoka sifuri hadi mia kikiwa kimezimwa, kipimo kilionyesha miliampea-saa (mAh) 3,600, nami nikaandika papo hapo kwamba betri iliyoandikwa mAh 5,100 imebakiwa na asilimia 70. Usiku, nikiwa nimekwisha kulala, ndipo nilipokumbuka kwamba kipimo kinahesabu umeme wa upande wa chaja, ambao ni wa volti 5, ilhali betri yenyewe imeandikwa volti 3.85. Kulinganisha mAh za pande hizo mbili ni sawa na kulinganisha debe la zabibu na debe la mahindi kwa kuwa yote ni madebe. Hesabu sahihi hufanywa kwa wati-saa, yaani kwa nishati yenyewe: mAh 3,600 kwa volti 5 ni wati-saa 18, nikitoa kama asilimia 15 inayopotea kwa joto wakati wa kuchaji, zinabaki wati-saa 15.3 zilizoingia kwenye betri. Betri ilipokuwa mpya ilibeba wati-saa 19.6. Nyekundu, basi, kina asilimia 78, si 70.

Nimerudia kwa vingine: Kijani asilimia 81, Njano 74, Buluu 62. Hiyo asilimia 15 ya upotevu ni kadirio langu, lakini kwa kuwa nimetumia chaja moja, waya mmoja na kadirio hilohilo kwa vyote vinne, ulinganisho kati yao unaaminika zaidi kuliko tarakimu yenyewe.

14 Oktoba 2024

Leo nimeelewa kwa nini betri zetu zimezeeka hivi. Ofisi yetu ni chumba kimoja cha matofali ya saruji chenye paa la bati lisilo na dari. Nimeweka kipimajoto juu ya meza ambapo vishikwambi hukaa siku nzima vikiwa vimechomekwa kwenye umeme, na saa 9 alasiri kimesoma nyuzi 41 za Selsiasi. Tuliviweka pale kwa nia njema. Tuliamini kwamba kifaa kilichojaa mia wakati wote ndicho kilichotunzwa.

Betri ya lithiamu-ioni huzeeka hata isipotumiwa, na mambo mawili huharakisha uzee huo: joto, na kukaa imejaa. Seli ikiwa imejaa huwa na volti kati ya 4.2 na 4.4 hivi, na katika hali hiyo kemikali za ndani hushambuliana kwa kasi zaidi. Utando unaojijenga juu ya ncha hasi huendelea kunenepa, ukimeza lithiamu ambayo ingekwenda na kurudi, na lithiamu hiyo hairejei tena. Makadirio yanayorejewa sana na watu wa fani hii yanasema kwamba betri iliyohifadhiwa mwaka mzima katika nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na kama asilimia 96 ya uwezo wake, lakini ikihifadhiwa katika nyuzi 40 huku imejaa hubaki na kama asilimia 65. Sisi tulichagua ile mbaya kati ya hali hizo mbili, tena kwa kujivunia.

Buluu ndicho kilichokuwa karibu na dirisha la magharibi. Sikuhitaji maelezo zaidi.

16 Oktoba 2024

Suala limekuwa ni mahali pa kuviweka. Friji hatuna, na hata kama tungekuwa nayo nisingeitumia. Kununua dari ya ofisi kungekula fedha yote ya hazina. Suluhisho limetoka kwa Mama mweka hazina, ambaye bado ana nyumba ya tembe ya marehemu mama mkwe wake nyuma ya nyumba yake ya bati: kuta nene za udongo, dirisha dogo moja, na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo kama Wagogo walivyojenga tangu zamani. Anahifadhia humo karanga na uwele. Nimekiacha kipimajoto ndani kwa siku mbili, na saa 9 alasiri, wakati ule ule ofisi ilipokuwa nyuzi 40, tembe ilisoma 29.

Vijana wawili wa kamati walicheka kwamba tunarudisha teknolojia kwenye nyumba ya babu. Mama mweka hazina aliwajibu kwa utulivu: "Wajukuu zangu kila siku wananiambia niibomoe. Leo ofisi yenyewe imeomba kulala humo." Hoja ikaishia hapo. Tatizo pekee la tembe ni vumbi linalodondoka kutoka darini, kwa hiyo vishikwambi vinalala kwenye sanduku la mbao lililofunikwa kwa kanga kuukuu, bila makava yake ya ngozi ya bandia, ambayo huzuia joto kutoka wakati wa kuchaji.

21 Oktoba 2024

Utaratibu wa kuchaji umepangwa. Vishikwambi vyetu havina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke kiwango fulani, kwa hiyo nimenunua soketi yenye saa, ambayo hukata umeme yenyewe. Inawaka saa 11 alfajiri, wakati wa baridi kuliko wote, na kuzima saa 1 kasoro dakika 20. Muda huo unatosha kuvitoa kwenye asilimia 35 hivi hadi karibu na 80. Hatuvijazi mia isipokuwa siku ya kazi ndefu, na siku hiyo tunavijaza asubuhi ileile ya kazi, wala si tangu usiku.

Nimelazimika kujibu swali la mzee mmoja wa kikundi, ambaye anakumbuka vizuri kwamba simu yake ya kwanza aliambiwa aichaji kwa muda wa saa 8 kabla ya kuiwasha, na kwamba betri iachwe iishe kabisa ndipo ichajiwe tena. Hakukosea kuhusu zamani. Betri za nikeli-kadimiamu zilinufaika kwa kumalizwa chaji mara kwa mara, na ushauri ule ulirithishwa bila kuangalia kwamba betri zenyewe zilibadilika baada ya kampuni ya Sony kuanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991. Kwa betri za sasa, kuishiwa hadi kifaa kizime ni madhara, na nusu ya chaji ndiyo starehe. Mzee alisikiliza, akaniuliza kama basi na yeye aache kuchaji simu yake usiku kucha. Nikamwambia ndiyo, hasa kama anailaza chini ya mto.

28 Oktoba 2024

Matumizi: mwanga wa kioo umeshushwa, huduma ya kutambua mahali kifaa kilipo (GPS) imezimwa, laini za simu zimetolewa kwenye vifaa vitatu kwa kuwa fomu ya uzito hujazwa bila mtandao, na kumbukumbu hutumwa mara moja tu kwa siku. Kifaa kinachotafuta mtandao hafifu mchana kutwa hula betri hata kisipotumiwa. Programu za mpira na video zimefutwa, malalamiko yamepokelewa.

19 Novemba 2024

Buluu kimevimba. Kioo kimeinuka upande mmoja kiasi cha kupitisha ukucha, na kikiwekwa mezani kinayumba. Nilikizima mara moja, nikakitoa kwenye tembe na kukiweka nje kivulini ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, mbali na nyumba. Gesi iliyojaa ndani ya mfuko wa betri inaweza kushika moto mfuko ukitobolewa, kwa hiyo nilimkataza kijana aliyetaka kukibonyeza kioo kirudi mahali pake. Sidhani kwamba tembe imekiumiza. Kilikwisha kuumia dirishani. Tumechelewa tu kuona.

21 Novemba 2024

Nimekwenda mjini kwa fundi. Betri iliyovimba aliitoa kwa uangalifu, kwa kadi ya plastiki na joto la wastani, bila bisibisi, na hapo nilimheshimu. Betri mbadala aliyonipa ilikuwa na lebo safi ya mAh 5,100, kwa shilingi 35,000. Heshima ikapungua nilipoishika mkononi, kwa sababu ilikuwa nyepesi.

Nilikuwa nimebeba mizani yetu ndogo ya gramu, tunayopimia sampuli. Betri bapa za aina hii hubeba, kwa kadiri ya kawaida, kati ya wati-saa 200 na 250 kwa kila kilo. Betri ya wati-saa 19.6 inatakiwa iwe na uzito wa kati ya gramu 80 na 100. Ile ilikuwa na gramu 58. Hata kwa hesabu ya ukarimu haiwezi kubeba zaidi ya wati-saa 14 na ushee. Fundi alitazama mizani, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, hii wateja wote wanachukua." Nilimwambia kwamba sisi kazi yetu ni kupima. Alitoa nyingine kutoka kwenye droo ya chini, lebo yake imechakaa kidogo, gramu 88. Hiyo ndiyo tuliyofunga, kwa shilingi 42,000.

Nimeipigia hesabu kamati kama ifuatavyo: Buluu kilichovimba kina thamani ya sifuri, chenye betri iliyobadilishwa, duka limesema kwa simu, kitahesabiwa shilingi 90,000 mradi tuseme wazi kwamba kimefunguliwa. Tunatumia 42,000 kupata 90,000, na kukitumia msimu mzima. Mjumbe mmoja alipendekeza tusiseme kwamba kimefunguliwa. Mwenyekiti alimwuliza kama angependa mnunuzi wa zabibu afiche jiwe chini ya mizani. Nimeandika kwenye kumbukumbu: itasemwa.

Betri mbovu nimeirudisha kwenye ndoo ya mchanga. Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki haziruhusu kitu kama hiki kutupwa pamoja na takataka za kawaida, na shimo letu la taka huchomwa moto kila wiki. Itasubiri safari ya kuikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali.

6 Januari 2025

Nimepima tena, kwa chaja ileile na waya uleule: Nyekundu 77, Kijani 80, Njano 73, Buluu 97.

Ningependa kuandika kwamba tembe imefanya muujiza, lakini namba hazisemi hivyo. Kwa miaka mitatu na ushee Nyekundu kilipoteza asilimia 22, yaani kama 7 kwa mwaka. Kwa miezi mitatu, hata bila tembe, tungetarajia upungufu wa 2 hivi. Tumepata 1. Kipimo changu chenyewe kinaweza kukosea kwa 2. Kilichobadilika bila shaka ni saa za kazi: Njano, ambacho Oktoba kilizima kabla ya saa 5 asubuhi, sasa kinafika saa 8 mchana. Hilo limetokana na mwanga wa kioo na kuondoa laini, si na afya ya betri, na nimewaomba wajumbe wasiyachanganye mambo hayo mawili wanapowasimulia wengine.

18 Februari 2025

Mavuno yameanza. Tunapima kuanzia saa 12 asubuhi chini ya mwarobaini. Leo mnunuzi alitutaka tuhamie nyuma ya lori lake, na Njano kiliachwa dakika 20 juu ya bati la lori. Kilitoa onyo la joto, kikajizima. Mzee yule wa swali la saa 8 alikuwa wa kwanza kutoa msaada: "Mwanangu, kwa nini tusikiweke kidogo kwenye friji ya soda pale dukani?" Nilimjibu kwamba kikipozwa ghafla kisha kikarudishwa kwenye joto kinaweza kutokwa jasho ndani, kama chupa ya soda inavyotokwa nje, na maji hayo hayana pa kutokea. Tulikiweka kivulini juu ya jiwe, bila kava, bila kukichaji. Baada ya dakika 15 kilikubali kuwaka. Kuchaji kifaa kingali cha moto ni kosa la pili juu ya lile la kukiacha kwenye jua, na nimelibandika hilo ndani ya kifuniko cha sanduku.

Pawabenki yetu ya mAh 10,000 hukamilisha chaji moja na nusu tu ya kishikwambi. Baada ya somo la Oktoba, hakuna aliyeshangaa.

29 Machi 2025

Msimu umekwisha, na hakuna kifaa kilichozima mbele ya mkulima isipokuwa mara ile ya lori. Kumbukumbu zote zimehamishiwa kwenye kompyuta na nakala kwenye diski ya mkononi. Kadi za kumbukumbu zimetolewa.

Kabla ya kufuta kifaa ni lazima akaunti ya Google ya mwenyewe iondolewe kwanza, kwa sababu mfumo wa Android, tangu enzi ya toleo la 5.1, huweza kukifunga kifaa kilichofutwa bila kuondolewa akaunti, na mnunuzi akikiwasha kinamdai nywila ya mtu asiyemjua. Vitatu havikusumbua. Kijani kilisumbua: akaunti yake ni ya katibu wetu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Nilimpigia. Alikumbuka nywila katika jaribio la tatu, kisha akanisomea kwa simu namba ya uthibitisho iliyomfikia. Kama angekuwa amebadilisha laini, tungebaki na tofali lenye kioo. Akaunti za vifaa vipya zitakuwa za kikundi, siyo za mtu.

Nimebonyeza *#06# katika kila kimoja, nimeandika namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa kila kifaa zenye tarakimu 15, na kuzituma kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya mamlaka ya mawasiliano (TCRA), ili kuhakiki kwamba ni halali. Nimeziambatanisha na risiti za mashine ya kodi (EFD) za mwaka 2021 na barua yenye saini za mwenyekiti na mweka hazina, kwa kuwa kijana anayeingia dukani na vishikwambi vinne begani bila karatasi huonekana mwizi hata akivaa suti.

5 Aprili 2025

Tumekwenda dukani, mimi na Mama mweka hazina. Mhudumu alivipima kwa programu yake mwenyewe: Nyekundu 76, Kijani 80, Njano 71. Kwa Buluu nilimwambia mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba betri imebadilishwa Novemba. Njano alikipunguza kwa sababu ya mikwaruzo ya kioo, na ubishi wetu haukumbadilisha. Bei zake za mwisho zilikuwa Nyekundu shilingi 105,000, Kijani 110,000, Buluu 90,000, Njano 85,000.

Hapo Mama mweka hazina akaniomba tutoke nje kidogo. Swali lake lilikuwa rahisi: kama Kijani kina asilimia 80 na kinamaliza asubuhi nzima ya kupima, kwa nini tukitoe kwa 110,000 kisha tununue kingine kwa 480,000? Kwa miezi sita nilikuwa nimeandika "vinne" katika kila ukurasa bila kujiuliza hilo. Tukampigia mwenyekiti, naye akakubali. Tumetoa vitatu kwa shilingi 280,000, tumenunua vitatu kwa 1,440,000, na tumeongeza 1,160,000. Kijani kimerudi nasi kwenye mkoba.

7 Aprili 2025

Vifaa vipya vina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Umewashwa katika vyote vitatu. Havikuchajiwa kwa muda wa saa 8. Vilipotoka kwenye boksi vilikuwa na chaji kati ya 50 na 60, kama kawaida ya viwanda. Kabla ya kuuwasha mpangilio huo nilivipima kwa kipimo kilekile cha USB ili tuwe na msingi wa kulinganishia: wati-saa 23.4, 23.1 na 23.5 kutoka sifuri hadi mia. Soketi yenye saa imehamishiwa kwa Kijani pekee. Mama mweka hazina ametoa funguo ya pili ya tembe, na ameomba kikundi kimnunulie debe mbili za udongo mwekundu kwa ajili ya kuziba ufa wa paa kabla mvua za mwisho hazijaisha.